Mifugo ya Sisimizi Kibarazani Kwangu

Mwanzo nilidhani ni unga. Jirani yangu wa ubavuni huanza kukanda maandazi kabla ya adhana ya alfajiri, na kibaraza chake na changu vimetenganishwa na kijiukuta kinachonifika magotini. Kwa hiyo nilipoona weupe umetuama kwenye makwapa ya majani ya mshubiri wangu, nikapuliza tu. Haukupepea. Nikausugua kwa kidole, ukanata, kisha ukapasuka na kuniachia majimaji ya rangi ya chungwa kwenye ukucha. Unga haupasuki.

Naishi Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zile zilizonyimwa majina zikapewa namba. Kibarazani nilikuwa na vyungu 31, ukihesabu na makopo ya rangi na karai moja lililotoboka. Mkongwe wao ni huo mshubiri, ambao mama alihama nao nyumba mbili kabla ya kunikabidhi. Nyumba za kwetu pwani mshubiri haukosekani: wa kupaka ulipoungua, wa nywele, na wa kumwachisha mtoto ziwa. Mimi mwenyewe nilipakiwa. Mama anasimulia kwamba nililamba, nikakunja uso, nikafuta ziwa kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, nikaendelea kunyonya.

Baadaye nikaingiwa na wazimu wa hii mingine, ambayo vijana wanaoiuza huiita sakulenti: yenye majani mazito yaliyojipanga kama ua la waridi, yenye shanga za kijani zinazoning'inia, na ile waridi ya jangwani yenye shina lililotuna kama mjamzito. Yote inaweka maji mwilini. Unaambiwa ni mimea ya watu wavivu, umwagilie mara moja kwa wiki mbili, ulale. Aliyesema hivyo hakuwahi kuishi Tanga mwezi wa nne, hewa ikiwa imelowa kama taulo la jana.

Na kuna jambo lilinishangaza tangu siku ile ya kwanza. Shubiri, kitu kichungu kiasi kwamba Waswahili tumekifanya kipimo cha uchungu wote wa dunia, mdudu gani anakinywa? Jibu ni kwamba hakinywi. Ule uchungu unakaa kwenye utomvu wa njano, chini tu ya ganda la jani. Mdudu ana mdomo mwembamba kuliko unywele, anauzamisha ndani hadi kwenye vishipa vinavyopitisha sukari ya mmea, na huko hakuna cha kumkunjisha uso. Anakunywa asali iliyomo ndani ya nyumba ya shubiri.

Vita vyangu vya mwanzo sioni fahari kuvisimulia, ila navisimulia ili wewe usivirudie.

Siku ya kwanza nilichukua kopo la dawa ya mbu, nikapuliza mpaka kichwa kikaniuma. Asubuhi yake majani yalikuwa na mabaka ya kahawia, kama yaliyopigwa pasi ya moto. Dawa ile imetengenezwa kwa ajili ya hewa ya chumbani, na mafuta yaliyomo yanaunguza jani. Wadudu walipungua kidogo, mmea ukapungua zaidi. Kisha nikaingia kwenye sabuni ya unga, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo karibu. Ikaniachia mmea wa shanga ukiwa umenyauka, shanga zimesinyaa kama zabibu kavu. Kaka yangu akashauri mafuta ya taa. Hayo nilijaribu kwenye chungu kimoja tu, na chungu hicho sasa kina mchaichai.

Spiriti nayo ni dawa kweli, lakini niliitumia saa saba mchana, juani, kwenye ile yenye sura ya waridi. Majani yake yana poda nyembamba ya rangi ya majivu, ambayo ni kinga yake dhidi ya jua. Spiriti ikaikomba poda yote. Haikuota tena kwenye majani yale. Mpaka leo mmea ule una kipara chenye michirizi ya vidole vyangu, na inabidi kungoja majani mapya.

Nilikuwa katikati ya mambo hayo shangazi alipofika kutoka Muheza, amekuja kliniki ya macho Bombo, akalala kwangu siku tatu. Shangazi yangu ni mkulima wa muhogo, mtu wa maneno machache yenye ncha. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye mkeka kibarazani, ameinamia mshubiri, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo shangazi, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Hivi hawa vidung'ata unawafuga, au wamekuja wenyewe?"

Ndipo nikapata jina. Kidung'ata. Kumbe yeye anawajua tangu shambani, kwa sababu nduguye huyu wa kwangu ndiye aliyewahi kuwatesa wakulima wa muhogo. Kisa chenyewe ni kirefu. Kidung'ata wa muhogo alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akaonekana kwanza upande wa Kongo mapema miaka ya 1970, akasambaa nchi baada ya nchi akidumaza miche na kuacha watu bila chakula. Kilichomshinda hakikuwa dawa. Alikuwa nyigu, mdogo kuliko punje ya mtama, aliyekutwa Paraguay ambako kidung'ata huyo hakuwa tishio. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, na mtoto wake hukua akimla mwenyeji wake kutoka ndani. Waliachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha kwingineko. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mimi hula bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki karibu kila wiki, na sikuwahi kujua kwamba yupo nyigu wa kushukuriwa kwenye sahani hiyo.

Nikamwuliza shangazi, basi na mimi nitampata wapi nyigu. Akacheka.

"Nyigu wa muhogo hana habari na maua yako. Kwanza acha kuangalia huo weupe. Angalia sisimizi wanapanda wapi."

Tukaangalia. Niseme ukweli, sisimizi nilikuwa nawaona kila siku, ila kwenye nyumba ya pwani sisimizi ni kama wapangaji wenzako. Safari hii tuliwafuata. Walitoka kwenye ufa wa sakafu karibu na bomba, wakapita kando ya ukuta kwa msafara, wakapanda mguu wa nyuma wa meza, wakagawanyika juu: wengine kwenye mshubiri, wengine kwenye waridi ya jangwani. Wakishuka, matumbo yalikuwa yamejaa na yanang'aa.

Nikachukua simu, nikakuza picha mpaka mwisho. Kidung'ata mmoja alikuwa ametulia kwenye kwapa la jani, mviringo wa yai, urefu wa punje ya ufuta, mwili wote umepakwa nta nyeupe na pembeni ana vindevu vifupi kama pindo za jamvi. Sisimizi akamfikia kwa nyuma, akampapasa kwa vipapasi vyake viwili vya kichwani, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi. Kidung'ata akainua makalio kidogo. Likatoka tone moja, angavu. Sisimizi akalinywa lote, akahamia kwa wa pili.

"Unaona?" shangazi akasema. "Anakamua."

Mdudu huyu anafyonza sukari nyingi kuliko anayoihitaji, na inayozidi anaitoa nyuma ikiwa majimaji matamu. Ndiyo maana sakafu chini ya meza yangu ilikuwa inanata, nami nikawa namlaumu mtoto na juisi yake. Ndiyo maana pia majani ya chini yalikuwa na weusi kama masizi ya sufuria: ule ni ukungu unaoota juu ya utamu. Sisimizi naye hapati maziwa ya bure. Analinda zizi. Anawafukuza wadudu wanaokula vidung'ata, na wapo sisimizi wanaowabeba watoto wa vidung'ata mdomoni kuwapeleka kwenye malisho mapya. Kwenye mashamba ya mananasi ya Hawaii walihangaika miaka na miaka na jambo hili hili, na mmoja wa wachungaji wakubwa kule ni sisimizi mwenye kichwa kikubwa ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika. Tumesafirisha wafugaji.

(Lugha yetu nayo ina utani wake. Chungu ni chombo, chungu ni mdudu, chungu ni ladha ya shubiri. Kibarazani kwangu chungu walikuwa wamepanda chungu kunywa utamu wa kitu kichungu, na mtoto wangu wa darasa la tano akanitaka niiandike sentensi hiyo kwenye daftari lake.)

Dawa ya shangazi ilikuwa ile ya kabati la chakula la bibi. Unalikumbuka, lile la wavu, miguu yake minne imesimama kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasiufikie mchuzi? Tulitafuta makopo manne ya nyanya, tukatia maji na tone la sabuni ya vyombo, tukasimamisha miguu ya meza ndani yake. Meza ikasogezwa isiguse ukuta, na tawi la waridi ya jangwani lililokuwa limeegemea nondo za dirisha likakatwa, maana sisimizi akipata daraja moja tu kazi yote ni bure. Maji nayabadilisha kila siku ya pili ili nisije nikafuga mbu mahali pa vidung'ata.

Sikuua sisimizi wote wa nyumba, na shangazi alinikataza hata kuwaza hivyo. Kwao Muheza majimoto waliojenga viota vya majani kwenye minazi hawaguswi, kwa sababu ndio wanaomzuia mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikaanguka. Ukiwang'oa, unakula hasara ya nazi. Wanauma, ndiyo, aliyepanda mnazi wenye majimoto hasahau. Lakini ni askari. Na askari hao hao, ukiwaacha wahamie kwenye mchungwa, wanaweza kuwa wafugaji wa vidung'ata. Shangazi haoni mgongano wowote hapo.

Baada ya kuwakatia njia, ndipo spiriti ilipofanya kazi. Natumia ile ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70. Jioni, jua likishazama, nachovya kijiti cha pamba cha masikio na kumgusa kila kidung'ata mmoja mmoja. Weupe unageuka, anaonekana mwili wake halisi wa rangi ya chungwa au waridi, basi amekwisha. Spiriti inayeyusha ile nta, na nta ndiyo nguo yake. Maji matupu yanateleza juu yake kama juu ya jani la yungiyungi. Pale palipobanana, pasipopita kijiti, napuliza maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita, namwagilia mpaka kwapani, kisha baada ya saa mbili naosha kwa maji safi.

Kosa langu jingine lilikuwa kudhani ukishafanya hivyo umemaliza. Ule weupe unaofanana na pamba iliyochambuliwa ni mfuko wa mayai, na jike mmoja anaweza kutaga mamia. Spiriti haiyafikii yote. Kwenye joto letu yanaanguliwa ndani ya siku chache, na vitoto vinavyotoka ni vidogo, havina nta bado, vinatembea kutafuta pa kukaa. Hicho ndicho kipindi chao cha udhaifu. Kwa hiyo ni Jumapili hii, na Jumapili ijayo, na inayofuata, na ya nne hata kama hujaona kitu. Mimi niliacha ya tatu kwa sababu kulikuwa na harusi Makorora, nikarudi nyuma mwezi mzima.

Mwarobaini nao upo, na Tanga mwarobaini huununui, unaufagia. Kiini cha mbegu ndicho chenye nguvu kuliko jani. Natwanga gramu 50 za viini vilivyokauka, naloweka kwa lita moja ya maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni kidogo ili ishike. Unapuliza jioni, kwa sababu jua linaiharibu haraka. Haiui papo hapo, na mtu mwenye haraka ataiona haifai. Inamfanya mdudu asile na asikue. Harufu yake majirani watakuuliza.

Lakini waridi yangu ya kipara iliendelea kusinyaa. Juu ilikuwa safi, niliipekua kwa kioo cha kukuzia, hakuna hata mmoja. Majani yakawa yanalegea hata siku niliyomwagilia, kisha yakadondoka ukiyagusa. Nikaongeza maji. Ikazidi. Jioni moja nikaigeuza kwenye gazeti, nikagonga chungu, ikatoka na udongo wake wote, na pale ndani ya chungu, kwenye ukuta wa udongo wa mfinyanzi, kulikuwa na alama nyeupe kama mtu aliyechora kwa chaki. Mizizi ilikuwa na vipande vya weupe huo huo, na ndani ya weupe, vikisogea polepole sana, vidung'ata wembamba wasio na vindevu. Hawa wanaishi chini ya udongo maisha yao yote. Ningeweza kusugua majani mpaka siku ya kiyama.

Nilitupa udongo wote kwenye mfuko, nikaufunga, haukwenda bustanini. Mizizi nikaiosha kwa maji ya bomba, nikakata iliyooza, nikaichovya kwenye maji ya sabuni, kisha nikauacha mmea juu ya gazeti kivulini siku tano, mtupu, mizizi hewani. Mama mkwe alipopita akadhani nimeutupa. Mimea hii inavumilia njaa kuliko inavyovumilia unyevu, na mizizi ikikauka hivyo wadudu waliosalia hufa. Udongo mpya niliuchanganya mwenyewe: sehemu moja ya udongo mweusi, moja ya mchanga mnene uliooshwa, moja ya kokoto ndogo na vipande vya mkaa. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi.

Nikakumbuka pia ulikotoka. Mmea ule ndio nilioununua mwisho, kwa kijana mmoja mwenye toroli, nikaupeleka moja kwa moja katikati ya wenzake kwa sababu ulikuwa mzuri. Sikuugeuza, sikuuchungulia chini. Siku hizi mgeni yeyote anakaa uani, juu ya kigoda karibu na choo, mwezi mzima. Watoto wanapaita karantini.

Wapo na wadudu wengine, ila hawakunisumbua hivyo. Wadudu gamba, wale vipele vya kahawia au vyeupe vilivyogandamana na jani, nawakwangua kwa mswaki wa zamani. Utitiri mwekundu huja kaskazi inapovuma na hewa kukauka, unaacha utando mwembamba na jani kupauka, na huo kuoga maji tu unatosha ukiuwahi. Utitiri wa mshubiri ndio mbaya, ule usioonekana kwa macho unaofanya jani liote manundu kama donda. Huo sikupambana nao. Nilikata sehemu yote yenye manundu, nikaichoma moto, nikaosha kisu kwa spiriti.

Na mkonge. Siwezi kuandika kuhusu mimea minono nikiwa Tanga nikauruka mkonge, ingawa watu hawaufikirii kama ua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta vichipukizi vyake kutoka Florida, vilivyoanza safari vikiwa 1,000, vikafika hai 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkoa mzima ulijengwa juu ya hivyo 62. Babu yangu alikata majani yake miaka 20. Nilikuwa na mmoja wa mapambo, wenye kingo za njano, kwenye karai lile lililotoboka. Mwaka juzi ukaegemea upande mmoja kama mlevi, nikaushika kuunyoosha, ukang'oka wote mkononi, shina lake la chini limekuwa uji unaonuka. Ndani mlikuwa na mabuu meupe yasiyo na miguu, vichwa vya kahawia, na mdudu mmoja mweusi mwenye pua ndefu iliyopinda. Nilimpigia baba simu nikamweleza sura yake. Hakuniacha nimalize.

"Fukusi huyo. Babu yako alikuwa anawaokota kwenye miche kwa mkono. Asili yake Meksiko, kama mkonge wenyewe."

Huyo hana spiriti wala mwarobaini. Akishaingia kwenye shina, unachoma mmea, unakagua jirani zake, basi.

Nikirudi kwa vidung'ata, nilichobadilisha zaidi kuliko dawa ni huruma yangu. Nilikuwa namwagilia kila jioni kwa sababu kila jioni nilikuwa na joto. Nilikuwa natia samadi ya kuku. Mmea ukilishwa hivyo unatoa majani laini yaliyojaa, na kwa kidung'ata hilo ni pilau. Sasa nachoma kidole kwenye udongo, kikitoka na unyevu nauacha. Kipindi cha masika simwagilii kabisa, meza nzima inaingia chini ya paa. Vyungu nimevitenganisha, pumzi ipite. Vilikuwa 31 kwenye meza moja, kumi nimevigawa.

Wiki iliyopita jirani wa maandazi alinijia mlangoni, amembeba mjukuu kiunoni.

"Jirani, niombe kichipukizi cha mshubiri wa mama yako. Huyu tunataka kumwachisha."

Nikamkaribisha, nikaenda kukitoa. Nikakichimba, nikakiosha mizizi, nikakiweka juu ya gazeti, nikamwambia anipe siku tano kikauke halafu nimkagulie tena.

"Siku tano! Mama yake anarudi kazini kesho!"

Akaniangalia, nikamwangalia. Mtoto akanyoosha mkono kuelekea mshubiri. Nikachukua kisu, nikamkatia jani moja la chini, nene, utomvu wa njano ukaanza kuchuruzika, nikalifunga kwenye karatasi. Kichipukizi nikamwambia akifuate Jumapili.